Kiwanja cha Akonkwa

Mujomba Lucien alikataa ng'ombe wa mahari kwa simu, Jumatatu asubuhi, wakati Mwalimu Bulonza alikuwa bado anapapasa mezani akitafuta miwani ili ajue ni nani anayempigia.

"Shemeji," ilisema sauti kutoka Katana, "zile ng'ombe ine za bale batu, zisikuye kwanza. Kiwanja nani alikiona?"

"Kiwanja gani?"

"Cha muume. Kwenye mutoto wa dada yangu ataenda kulala. Nani mu siye alifika kule akaona na macho?"

"Shemeji, Akonkwa anaikala Amerika."

"Sikukuuliza anaikala wapi. Nilikuuliza nani alifika."

Mwalimu Bulonza akakaa kitandani, upande wake uleule wa ukutani. Upande wa pili ulikuwa wa Madeleine, na ingawa ilikuwa imepita miezi kumi na minne tangu wamzike, hakuwa amejifunza kulala katikati. Alijua neno la Lucien halina mlango wa nyuma. Katika ukoo wa marehemu mke wake, binti hatolewi mpaka mtu wa upande wa mama afike kwa muoaji, alale huko usiku mmoja, arudi na majibu: maji yako wapi, njia inapita wapi, majirani ni akina nani, ugomvi unaamuliwa na nani, na wafu wanalazwa wapi. Kazi hiyo Lucien aliifanya miaka thelathini. Alipanda mtumbwi hadi Idjwi, alitembea kwa miguu hadi Walungu. Mara moja alishuka Luberizi kwenye mashamba ya mpunga, akarudi na malaria na jibu la hapana, kwa kuwa maji ya shamba yalikuwa yanasimama nyuma ya jiko.

"Kama Madeleine angekuwa hai," Lucien akaongeza, "angenikumbusha yee mwenyewe. Siku ya posho, Jumamosi, tunakaa kwako. Mwenye kujua kile kiwanja akuye aseme. Kama hakuna, tutangoja mupaka tumupate."

Kungoja ndiko kulikokuwa hatari. Ilikuwa mwezi wa sita, na Akonkwa alikuwa amepewa likizo ya wiki mbili tu, mwezi wa nane, tikiti alishaikata. Padri alisema hatangazi ndoa kabla familia mbili hazijashikana mikono. Likizo hiyo ikipita, nyingine ni mwaka ujao, na Chancelle, binti yake Mwalimu, mwenye miaka ishirini na tisa, alishawaaga watu wa ofisini kwake mara mbili kwa haraka ya furaha. Kuwaaga mara ya tatu kungekuwa mchezo wa kuigiza.

* * *

"Iko karatasi ya kule kwa Akonkwa ku internet," Chancelle alisema jioni ile, akiwa bado na mkoba begani. "Ile fasi yote iko mule. Geografia, idadi ya batu, kila kintu. Papa, wewe ulifundisha geografia miaka makumi tatu na mbili. Soma, kisha siku ya posho umuelezee mujomba kama mutu mwenye alifika."

Shangazi Christine, mdogo wake Mwalimu, alikuwa anapakua foufou. Tangu msiba alipanda kutoka Kadutu karibu kila siku kuhakikisha kaka yake amekula, na kila siku alidai kwamba alikuwa anapita tu.

"Na huyu Akonkwa," akasema, "si njo yule ulimupatia neuf sur vingt, alama kenda ku makumi mbili?"

"Huit, munane," Mwalimu akamsahihisha. "Nilimuambia aonyeshe Amerika ku ramani, akaweka kidole mu Australia."

"Basi anaikala kule ku kidole chake. Njo maana hatuelewi."

Chancelle akacheka mpaka akakaa. Mwalimu hakucheka, lakini aliongeza mchuzi, na Christine akaona kuwa hicho ni kicheko tosha kwa siku moja.

Kesho yake Mwalimu Bulonza aliteremka na kijikaratasi chenye jina la mahali, Orrin Township, Iowa, hadi kwenye kibanda kimoja cha fotokopi. Msichana wa kwenye mashine akalipata jina, akachapa kurasa tatu, akamtazama kuanzia mvi hadi viatu.

"Papa, na wewe unakimbilia kule? Ku huu umri?"

"Ni ya kusoma tu."

"Bote banasema ni ya kusoma tu," msichana akasema, akazibana karatasi kwa pini, kwa huruma. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni wakampisha njia kama mgonjwa.

* * *

Asubuhi mbili mfululizo alikaa kwenye meza ya kulia na kamusi ya Kiingereza, rula na penseli. Alikuwa mwalimu wa shule ya zamani: jambo ambalo hawezi kulichora, hadai kulijua. Akageuza kalenda ya parokia ya mwaka uliopita, akaanza kuichora Orrin upande wake mweupe.

Haikuchukua hata nusu saa. Mahali penyewe palikuwa mraba. Maili sita huku, maili sita kule, na ndani yake miraba mingine thelathini na sita, kila mmoja umezungukwa na barabara iliyonyooka, kana kwamba mtu alikaa juu ya ardhi na daftari la hesabu kabla hajaiona. Kati ya sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa kulikuwa na tofauti ya mita kumi na nane. Mwalimu Bulonza aliinua macho. Kutoka kizingiti chake hadi barabarani, hapo Muhumba mjini Bukavu, ngazi za mawe zilishuka karibu hivyo.

"Hii haiko fasi," alimwambia Christine. "Hii iko meza."

"Mto haupo?"

"Iko kijito. Banaita kijito cha Mbwa."

"Usimuambie Lucien iyo jina."

Mahindi, soya, nguruwe. Kanisa moja la Walutheri, jingine lililofungwa. Makaburi mawili. Hakuna chifu, hakuna mwami. Kuna watu watatu wanaochaguliwa na wenzao, na karani mmoja. Mwalimu aliandika yote kwa herufi za ubao, kubwa na za wima. Kisha akafika kwenye jedwali la watu, akaweka penseli chini.

Mwaka 1900, watu mia nane arobaini na wawili. Mwaka 1950, mia tano sabini. Hesabu ya mwisho, mia tatu kumi na mmoja.

Katika Kivu hakuna mtu anayehitaji kufundishwa kusoma jedwali kama hilo. Kilima kikipoteza watu namna hiyo, kila mtu anajua sababu, hata kama haitaji: waliolala na nguo zao, waliobeba godoro kichwani, waliokuja mjini wakabaki. Mwalimu alitafuta neno la vita katika kurasa tatu zote, hakuliona. Akatafuta njaa, mlipuko, ugonjwa. Hakuona kitu. Watu mia tano walikuwa wametoka mle, na karatasi ilisimulia jambo hilo kwa sauti ileile iliyotumia kwa kijito.

Chini yake kulikuwa na mstari mwingine. Kaya mia moja thelathini na moja. Katika hizo, arobaini na saba zilikuwa za mtu mmoja. Aliusoma mstari huo mara mbili. Kisha akasikiliza nyumba. Christine alishateremka sokoni, Chancelle alikuwa kazini, na jikoni friji peke yake ilikuwa inanguruma.

* * *

"Iyo namba unaweza kuiacha," Chancelle alisema.

Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha babake, anatazama ramani. Ilikuwa Alhamisi, bado siku mbili.

"Gani?"

"Papa, unajua gani. Ya zamani. Useme tu batu beko trois cent onze, mia tatu kumi na moya, basi. Mujomba hataomba historia."

"Yule ataomba."

"Akiomba unasema karatasi haikuonyesha."

"Karatasi ilionyesha."

"Papa."

Mwalimu Bulonza alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Jambo ambalo Chancelle hakulijua, na ambalo yeye mwenyewe alilijua tangu alipoanza kuchora, ni kwamba hakuhitaji kudanganya ili kuivunja ndoa. Ilitosha aseme kweli tupu, aiweke mezani bila kuipamba, na Lucien angemaliza kazi iliyobaki. Binti angelia wiki mbili. Kisha angebaki: viatu vyake mlangoni, simu yake inayochaji kwenye kila tundu la umeme, kelele yake ya kutafuta funguo zilizo mkononi mwake. Alikuwa ameliwaza jambo hilo akiwa anachora mstari wa tano wa barabara, na mstari huo ndio pekee uliokwenda upande.

"Wewe unakupenda kule?" akauliza.

"Kule sikujui, papa. Namupenda Akonkwa."

"Hata na huit sur vingt."

"Hata na Australia yake."

Akavaa miwani. "Nitasema batu beko trois cent onze," akasema. "Kama hataomba zaidi, sitaongeza."

* * *

Jumamosi saa tisa mchana Lucien aliingia akiwa na koti la kusalia misa, fimbo, na mfuko wa maparachichi ya Katana ambao aliuweka mikononi mwa Christine bila neno. Alikuwa mfupi, mkavu, na alikaa kwenye kiti kama mtu anayekipima. Alipoona kalenda imebandikwa ukutani kwa pini, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii njo kiwanja?"

"Hii njo groupement, kata yao yote, shemeji. Kiwanja cha Akonkwa ni hapa," na rula ikagusa mraba wa kumi na nne.

"Nani alikata udongo kama mukate?"

"Serikali yao. Zamani."

"Na bale balikuwa mule mbele ya kukata?"

"Karatasi haisemi."

"Karatasi nayo inajua kunyamaza," Lucien akasema. "Endelea, Mwalimu."

Mwalimu Bulonza aliendelea, na kadiri alivyoendelea sauti yake ya darasani ilimrudia. Maji: kila nyumba ina kisima chake, maji yanapanda yenyewe kwenye bomba. Lucien akatikisa kichwa, amekubali. Njia: nyingi kuliko watu. Ugomvi: watu watatu waliochaguliwa.

"Bila mwami?"

"Bila mwami."

"Kazi yao ni nini?"

Mwalimu alisoma kutoka kwenye karatasi. "Kuangalia makaburi, na kuamua kama majirani banagombania lupango."

Lucien akainua nyusi. Akageuka kwa Christine kana kwamba ndiye aliyepinga. "Unasikia? Makaburi na mipaka. Bengine bote ni benye kula kodi tu. Bale beko na akili." Akagonga fimbo chini mara moja. "Banafuga nini?"

"Nguruwe. Kwenye Akonkwa anatumika kazi, ni elfu kumi na mbili."

"Na batu?"

Chancelle, aliyekuwa amekaa kwenye kona na simu mapajani, aliigeuza simu kioo chini.

"Trois cent onze," Mwalimu akasema.

"Batu mia tatu, nguruwe elfu kumi na mbili," Lucien akasema polepole. "Donc nguruwe njo benye fasi. Batu ni bageni."

Christine akaziba mdomo kwa kitenge. Hata Chancelle alitabasamu, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama jambo limepita. Lucien alinyoosha mguu, akautazama ule mraba, akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza kuhusu mvua:

"Na zamani balikuwa bangapi?"

Nje kulikuwa na pikipiki inapanda mlima. Wote waliisikia mpaka ikaisha. Mwalimu Bulonza alisimama na rula mkononi. Miaka thelathini na miwili alikuwa amewapiga marufuku watoto wa watu kubuni namba.

"Mia nane makumi ine na mbili," akasema. "Mwaka wa elfu moya mia kenda."

Chancelle akafumba macho.

"Bale mia tano balikimbia nini?" Lucien akauliza.

"Sijui, shemeji. Nilitafuta. Haikuandikwa."

"Haikuandikwa." Lucien aliinuka, akaenda hadi kwenye kalenda, akaweka kiganja juu ya mraba wa kumi na nne kama anayepima homa. "Mwalimu, wewe unajua na mimi najua. Batu habaache udongo wa mahindi mazuri hivi hivi. Iko kintu kilibafukuza mule. Na bale babakiye, bengi beko moya moya mu nyumba?"

"Nyumba makumi ine na saba."

"Mutu moya mu nyumba si nyumba. Ni sentinelle, mulinzi." Akarudi kukaa. "Mimi siwezi kumuambia Madeleine kama mutoto wake nilimupeleka fasi batu balikimbia, na sikuuliza juu ya nini."

Ilikuwa imekwisha, na Mwalimu Bulonza alishangaa kugundua kwamba hakuna hata upande mmoja wa moyo wake uliofurahi. Alimtazama binti yake, aliyekuwa amejishikilia magoti, mgongo wima, akingojea mtu amwambie aondoke, na akasikia sauti ya darasani ikitoka tena kinywani mwake.

"Basi tuulize," akasema. "Chancelle, mupigie."

* * *

Kule ilikuwa saa mbili asubuhi. Akonkwa alitokea kwenye kioo akiwa na fulana na povu la dawa ya meno, akaona wazee watatu, akatoweka, akarudi na shati. Alisalimia kila mmoja kwa cheo chake. Lucien hakupoteza muda.

"Kijana. Jirani yako wa karibu ni nani?"

"Iko mama moya, mujomba. Muzee. Nyumba nyeupe."

"Jina?"

Akonkwa akageuka kutazama dirishani.

"Nampungia mukono," Akonkwa akasema. "Kila siku. Nikipita na gari."

"Uko pale tangu lini?"

"Miaka mbili, mujomba."

"Miaka mbili," Lucien akamwambia Christine, kama mkalimani. Kisha kwa simu: "Vaa viatu. Enda umusalimie sasa. Siye tunakufuata."

"Nitoe gari?"

"Batu banasalimia na miguu."

Basi wakafuatana naye. Chancelle aliisimamisha simu kwenye chupa ya maji, na sebule yote ya Muhumba ikatembea kwenye barabara ya changarawe, kushoto mahindi, kulia mahindi, mbele barabara ambayo haikukata kona wala kupanda wala kushuka. Dakika ya tatu Christine aliuliza mahindi yote hayo ni ya nani. Ya mtu mmoja, Akonkwa alijibu akihema, na kwa shangazi jibu hilo lilikuwa baya kuliko nguruwe. Dakika ya sita mtandao ulikatika, na walipompata tena alikuwa kati ya mahindi yaleyale.

"Hajasogea," Christine akasema.

"Amesogea," Mwalimu akasema, rula kwenye kalenda. "Sasa yuko hapa."

Dakika ya kumi na moja ilitokea nyumba nyeupe, mbwa, na Akonkwa akirudi nyuma kutoka kwa mbwa. Mlango ukafunguka. Bibi mrefu mwenye suruali ya buluu akatoka, akakinga jua kwa mkono, akasema kitu.

"Anauliza," Akonkwa akatafsiri, "gari yangu njo imekufa, ao mutu njo amekufa. Anasema huku hakuna mwenye kukuya na miguu kama hakuna kilichokufa."

Lucien alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka kama kikohozi, na baada ya hapo haikuwezekana tena kumwogopa sawasawa.

Bibi aliitwa Arlene. Alipoelezwa kuwa ndani ya simu kuna familia ya msichana, alijirekebisha nywele, akawaomba wamsubiri, akaingia ndani, akatoka amevaa miwani nyingine. Akakaa kwenye ngazi ya barazani. Lucien naye akavuta kiti chake mpaka magoti yakagusa meza.

"Muulize," akasema. "Batu balikimbia nini?"

Akonkwa aliuliza. Bibi alitazama upande wa mahindi. Alipoanza kusema alisema kirefu, na kijana alifanya kazi kwelikweli kumfuata.

"Anasema hakuna mwenye alibafukuza. Zamani kila ule mraba ulikuwa na nyumba ine, tano, na bana mu kila nyumba. Shule ilikuwa karibu. Kisha mashine zikakuya. Kazi ya batu makumi mbili ikafanywa na mutu moya na mashine moya. Bana bakaenda kutafuta kazi mu miji. Yee alizaa bana bane. Banapiga simu siku ya Mungu, Jumapili."

"Na baba yao?"

"Iko ku makaburi ya pale ku kanisa. Yee njo anakata majani pale, mwenyewe."

Lucien alikuwa amezaa sita. Mmoja Goma, wawili Kampala, mmoja Kinshasa, mmoja hajulikani vizuri, na Jacques, ambaye alikuwa hapohapo Bukavu na ambaye pia alipiga simu siku ya Mungu. Kule Katana, katika nyumba yenye vyumba saba, walilala wawili. Wote sebuleni walilijua hilo, na wote walitazama maparachichi.

"Ku Noeli banakuya?" Lucien akauliza hatimaye.

"Kwa zamu, anasema. Mwaka huu ni zamu ya wa tatu."

"Kwangu ni hivyo hivyo," Lucien akasema. "Muambie. Muambie hata na siye hakuna mwenye alibafukuza bangu. Balienda tu." Akangoja mpaka lilipotafsiriwa, akaona bibi anaitikia kwa kichwa. Kisha sauti yake ikabadilika, ikarudi kuwa ya kazi. "Sasa wewe, Akonkwa. Batu habakukimbia kule, sawa. Lakini wewe ulipita miaka mbili mbele ya mama muzee hukujua jina. Kesho mutoto wetu akigonjwa saa ya kazi yako, atamuita nani? Atapungia nguruwe mukono?"

"Mujomba, unisamehe."

"Sikusamehe. Nakutuma. Mimi siwezi kufika. Basi wewe njo miguu yangu. Nyumba zote za ile njia yako, utaingia moya moya, utasalimia, utauliza jina, utarudisha jibu kwa Mwalimu. Ukimaliza mbele ya mwezi wa nane, ng'ombe zipande. Kama hukumaliza, ng'ombe zikule majani kwenu."

* * *

Nyumba zilikuwa kumi na tisa. Akonkwa alimaliza katika wiki tano, akitoka kazini akiwa ananuka nguruwe, na kila jioni alituma sauti yake kwa baba mkwe mtarajiwa kama mwanafunzi anayesahihisha mtihani wa miaka kumi na tano iliyopita. Nyumba moja walimfungia mlango. Nyingine walimpa keki ya maboga na mtoto wa mbwa, akakataa mtoto wa mbwa, kesho yake wakamletea. Mwalimu Bulonza aliandika kila jina kwenye kalenda: mjane, mseja, wapenzi wawili wenye mbuzi, mzee aliyepigana Vietnam na asiyetaka kuongea ila kuhusu trekta. Lucien alisomewa yote kwa simu, akauliza maswali mengi kuhusu yule aliyefunga mlango. Mwezi wa nane ng'ombe wakapanda, wanne, na mmoja akajisaidia kwenye ngazi za Muhumba, na Christine akasema hiyo ni sahihi ya mkataba.

Ndoa ikafungwa, Akonkwa akarudi kazini, na Chancelle akangoja visa mwaka mmoja na miezi mitatu. Akaondoka mwezi wa kumi na moja, na Mwalimu Bulonza akarudi kutoka kumsindikiza mpaka mpakani, akafungua nyumba kwa funguo zake mwenyewe, akakaa.

Jumapili ya tatu simu ililia alasiri. Chancelle alikuwa jikoni kwa Arlene. Dirisha nyuma yao lilikuwa jeupe lote kwa theluji.

"Papa, unakula?"

"Ninakula. Christine anapita tu kila siku."

"Maman Arlene anakusalimia. Anasema siye tulimuuliza maswali mingi ile siku, na yee hakutuuliza hata moya. Anasema sasa ni zamu yake."

"Aulize," Mwalimu akasema, akakaa sawa. Alikuwa tayari. Kimo cha mji juu ya bahari, urefu wa ziwa, idadi ya watu kwa kila komini ya mji.

Bibi alisogea kwenye kioo. Chancelle alimsikiliza, akatafsiri.

"Anauliza jirani yako wa karibu ni nani."

Mwalimu Bulonza alifungua mdomo. Upande wa chini kulikuwa zamani kwa akina Alphonse, waliuza, wakahama. Mahali pale sasa palikuwa na jumba la ghorofa tatu na ukuta wenye nyaya juu, uliojengwa mwaka ule Madeleine alipokuwa anaumwa. Geti lilifunguka asubuhi, gari jeusi likatoka. Jioni likafunguka, gari likaingia.

"Nampungia mukono," akasema.

Chancelle hakutafsiri. Aliinamisha uso ili babake asione anavyocheka, lakini mabega yalimsaliti, na Arlene, bila kuambiwa neno, akaanza kucheka naye.

Simu ilipokatika Mwalimu alikaa kidogo. Kisha akavaa koti. Alitaka kuchukua mwavuli, akauacha. Akateremka ngazi, akazunguka ukuta, akasimama mbele ya geti la chuma na kugonga kwa vidole. Hakuna. Akagonga kwa kiganja. Kidirisha kilifunguka, na macho mawili yakamtazama.

"Muzee, unatafuta nani?"

"Jina simujue bado. Njo kile nimetumwa kuuliza."

"Umetumwa na nani?"

"Na mama moya wa Amerika."

Macho yalimpima, koti, mvi, mikono mitupu. "Patron mwenye nyumba hayuko," yakasema. "Na huyo mama wa Amerika, anamujua patron?"

"Hapana. Hata mimi simujue. Mimi naikala hapa juu, nyumba ya mabati mekundu. Miaka makumi mbili na sita."

Kidirisha kilifungwa. Mwalimu Bulonza alikuwa amekwisha kugeuka aliposikia komeo likivutwa, zito, na geti likaachia nafasi ya mtu mmoja. Mlinzi alikuwa na kofia ya sufu na sahani ya maharagwe mkononi, chakula chake cha saa hiyo.

"Mimi ni Willy," akasema. "Ingia kwanza, muzee. Kuko baridi."